Sigara 6 za huyu, sigara 15 za yule: ni nini hasa kinaamua kiasi cha sumu anachobeba mvutaji?

Mhudumu_Urambo aliandika:

Habari za kazi wanajukwaa, na mwangaluka kwa mlioko Unyamwezini.

Naomba msaada wa wenye utaalamu. Kuna somo la nusu saa la kuwapa wakulima wa tumbaku kwenye mkutano wa chama cha msingi, kata moja hapa Urambo. Wengi wao ni wavutaji, na karibu kila mmoja ana mbinu yake ya kujipunguzia madhara. Yupo aliyehama kutoka sigara kali kwenda nyepesi. Yupo aliyetoka pakiti nzima hadi sigara 6 kwa siku. Mwingine ameachana na za dukani, anasokota jani lake mwenyewe kwa sababu "halina kemikali". Mwingine anavuta nusu, anazima, anaipachika sikioni, nusu iliyobaki anaimalizia jioni.

Tumeazimwa kipimo cha kupuliza kinachosoma kaboni monoksaidi (gesi ya sumu ya moshi) kwenye pumzi, kwa sehemu kwa milioni, na majibu yake hayafuati hesabu ya sigara kabisa. Wa sigara 6 amesoma 22, wa sigara 15 amesoma 14. Wakulima wameliona hilo wenyewe, na swali lao ni la haki: kama idadi haijalishi, kinachojalisha ni nini?

Nahitaji maelezo ya kina, yenye vipimo, ambayo mtu aliyekaa na tumbaku maisha yake yote hawezi kuyapuuza. Hawa watu wanalijua jani kuliko mimi.

---

Maabara_Isevya:

Kipimo chako kiko sawa, ndugu. Kasoro iko kwenye kuhesabu vijiti.

Mvutaji anafuata nikotini. Ubongo umezoea kiwango fulani, na kikishuka anapata arosto: anakereka, kichwa hakitulii, mkono unakwenda mfukoni bila kutumwa. Nikotini ikiingia mapafuni inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, kwa hiyo kila mvuto unapata jibu lake papo hapo, na jibu hilo ndilo linaloamua mvuto unaofuata uwe mkubwa au mdogo. Mtu hajui kama anafanya hivyo. Mwili ndio unaopima.

Sasa shika namba hizi mbili. Tumbaku iliyomo ndani ya sigara moja huwa na nikotini kama miligramu 10 hadi 14. Anayoichukua mvutaji mwilini ni takriban miligramu 1 hadi 1.5. Pengo hilo ndilo jibu la wakulima wako. Ndani ya sigara ile ile kuna akiba ambayo mtu mwenye arosto anaweza kuichota kwa kuvuta kwa nguvu zaidi, na hakuna midomo inayoweza kuchagua nikotini ikaiacha lami, ule uchafu mweusi wa moshi unaonata. Vinaingia pamoja: lami, kaboni monoksaidi, benzini, formaldehaidi, akrolini, kadmiamu, na zile nitrosamini za tumbaku, kemikali za saratani zinazoitwa NNK na NNN. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani.

Anachokibadilisha mtu bila kujua ni ukubwa wa kila mvuto (pafu, kama wanavyoita vijana), mivuto mingapi kwa sigara moja, anapumzika sekunde ngapi kati ya mmoja na mwingine, na anafika wapi kabla ya kutupa kipisi.

Zile namba za lami na nikotini zilizokuwa zikichapishwa kwenye pakiti zilitoka kwenye mashine. Mashine ya kipimo cha kawaida inavuta mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kwa dakika, matundu ya filta yakiwa wazi. Binadamu havuti hivyo. Chukua mtu anayevuta mililita 50 mara 12 kwa sigara moja: amepitisha mililita 600 za moshi. Mashine ikivuta mara 8 imepitisha mililita 280. Sigara ni moja, moshi ni zaidi ya mara mbili. Kanada waliona udhaifu huo wakaweka kipimo kikali zaidi, mililita 55 kila sekunde 30 na matundu yote yamezibwa, na hapo tofauti kati ya sigara "kali" na "nyepesi" ikapungua sana. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliyaondoa maneno kama "nyepesi" kwenye pakiti kuanzia 2003, na Marekani ikafuata 2010.

Kasi nayo ina kazi yake. Wakati wa kuvuta, ncha ya sigara inafika karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Ikiachwa ijiwakie yenyewe inashuka kwenye 600 hivi. Anayevuta harakaharaka haipi sigara nafasi ya kujiunguza bure, kwa hiyo sehemu kubwa ya tumbaku inaungulia ndani ya mvuto wake, inaingia kwake badala ya kupotea hewani.

Tena kuna suala la mwisho wa sigara, ambalo watu wengi hawalijui. Tumbaku yenyewe ni chujio. Moshi wa mivuto ya mwanzo unapita kwenye kijiti kirefu, na sehemu ya lami na nikotini inanasa kwenye tumbaku ambayo bado haijawaka. Moto unapokaribia filta, tumbaku ile iliyokwisha kunyonya lami inachomwa nayo. Mivuto mitatu ya mwisho ina uzito mkubwa kuliko mitatu ya kwanza. Kwa hiyo huyo anayepachika nusu sikioni anaitunza ile nusu yenye uchafu zaidi.

---

Nesi wa Kaliua:

Maabara ameeleza vizuri, ila kwa mkutano wa wakulima usianze na kemia. Anza na vipisi.

Siku moja kabla, waombe wavutaji wahifadhi vipisi vyao vya siku hiyo kwenye kiberiti kitupu, kila kiberiti na alama yake, bila majina. Siku ya somo vaa glavu, mimina vipisi vya kila kiberiti kwenye karatasi nyeupe yake, viache wavitazame kwanza.

Cha kwanza ni urefu. Pima kwa rula tumbaku iliyobaki kabla ya filta. Kuna mtu anaacha milimita 15, kuna mwingine ameunguza hadi karatasi ya filta imebadilika rangi. Wote wawili wataandikwa "sigara 8" kwenye daftari lako, na kilichoingia mwilini hakifanani hata kidogo.

Cha pili, na hiki ndicho kinachowashangaza watu, ni sura ya filta upande wa mdomoni. Sigara nyingi zilizoitwa nyepesi zina mduara wa matundu madogo sana kwenye karatasi ya filta, yapata milimita 12 kutoka mwisho wa mdomoni. Kazi yake ni kuingiza hewa safi ichanganyike na moshi. Kuyaona, bandua taratibu ile karatasi ya nje ya filta ya sigara mpya, uishike kuelekea jua: utaona mstari wa vitobo vyenye mwanga. Aina nyingine hazina kabisa. Sasa mvutaji akishika sigara kwa vidole karibu na mdomo, au akiitumbukiza ndani ya midomo, matundu hayo yanazibwa na ile hewa safi haiingii. Mashine haina vidole wala midomo minene, kwa hiyo kwenye mashine matundu yalibaki wazi muda wote na namba ikatoka ndogo.

Kipisi chenyewe kinatoa ushahidi. Matundu yakiwa wazi, hewa inapita pembeni na moshi unapita katikati, kwa hiyo filta inabaki na doa jeusi katikati na ukingo mweupe kuzunguka. Yakizibwa, uso wote wa filta unakuwa kahawia sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni. Weka vipisi viwili vya namna hiyo kando kwa kando, vya sigara ya aina moja, na hutahitaji kusema maneno mengi.

Cha tatu tazama filta iliyobonyezwa bapa au yenye alama za meno. Huyo anavuta kwa nguvu.

Kwa huyo wako wa sigara 6, niulizie maswali mawili. Je, ananunua moja moja gengeni? Anayenunua moja moja huwa anavuta kila moja hadi mwisho kabisa, kwa sababu hajui nyingine ataipata saa ngapi. Na je, ya kwanza anaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka? Hili la pili ni kipimo bora cha utegemezi kuliko idadi. Nikotini mwilini inapungua kwa nusu kila saa 2 hivi, kwa hiyo alfajiri mtu ameishiwa, na anayewasha ndani ya dakika 5 za kuamka ana njaa kubwa kuliko anayekaa hadi saa 4 asubuhi. Sigara hiyo ya kwanza anaivuta kwa mivuto mikubwa, karibukaribu, hadi ndani kabisa. Kwa watu wenye idadi ile ile ya sigara, wanaowahi asubuhi wamekutwa na kiwango kikubwa zaidi cha mabaki ya nikotini na ya NNK mwilini.

---

Bani_la_Sikonge:

Shikamooni wakubwa. Nichangie upande wa msokoto, maana huko ndiko wakulima wengi walipo, na ndiko wanakojidanganya zaidi.

"Halina kemikali" ni kauli ya hatari. Sehemu kubwa ya sumu hizi haiwekwi kiwandani, inazaliwa na moto. Lami, kaboni monoksaidi na benzopaireni vinatokana na jani lolote linaloungua bila hewa ya kutosha, liwe limelimwa Sikonge au kwingineko. NNK na NNN nazo zinajitengeneza ndani ya jani lenyewe, nikotini na ndugu zake wakikutana na naitraiti wakati wa kukausha na kuhifadhi.

Hapa mkulima atakuelewa haraka, kwa sababu anajua aina za ukaushaji. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa joto la mabomba, moshi wa kuni unatoka nje na haugusi jani. Tumbaku ya moshi inatundikwa juu ya moto wenyewe, inanyonya moshi wa kuni, kwa hiyo inaanza na mzigo wa sumu za moshi kabla hata ya kusokotwa, na nitrosamini zake huwa juu zaidi. Hata kwenye bani (banda la kukaushia) la mvuke, bomba likitoboka au maungio yakiachia, moshi unaingia chumbani na jani linatoka na harufu. Mteuzi akiliona kwenye mnada analishusha daraja. Jani hilo lililokataliwa ndilo mara nyingi linalobaki nyumbani kwa ajili ya msokoto.

Aina ya jani inaamua pia namna ya kuvuta. Jani la mvuke lina sukari nyingi na moshi wake una uchachu, nikotini yake haipenyi vizuri mdomoni, kwa hiyo ni lazima moshi ushushwe mapafuni ndipo mtu aridhike. Moshi wa jani jeusi, lile la tumbaku ya moshi, ni wa upande wa magadi, nikotini inapita hata kwenye utando wa mdomo, ndiyo maana wazee wa kiko wanaweza kuridhika bila kumeza moshi. Lakini kijana aliyezoea sigara akihamia kwenye kiko au msokoto wa jani jeusi, anaendelea na mazoea yake ya kushusha moshi. Amebadilisha chombo, kifua kinapokea vilevile na zaidi. (Ugoro nao unafuata kanuni hiyo ya magadi: ukichanganywa magadi nikotini inaachiwa haraka. Hauna moshi, lakini utegemezi uko palepale, na nitrosamini zipo.)

Karatasi sasa. Karatasi ya sigara ya kiwandani ni nyembamba na inapitisha hewa. Hewa hiyo inachanganya moshi, na sehemu ya kaboni monoksaidi inatoroka pembeni kabla ya kufika mdomoni. Karatasi ya daftari au gazeti ni nene, haipitishi hewa namna hiyo, na karatasi yenyewe inaungua ikiongeza moshi wake, pamoja na wino kama ni gazeti. Msokoto ukishindiliwa sana hauvutiki, unazimikazimika, mtu anavuta kwa nguvu na kuwasha mara nyingi. Ukiwa mlegevu unaungua haraka na moto unakaribia mdomo. Filta hakuna, na watu wanamalizia hadi vidole viungue. Huyo mwenye misokoto 4 kwa siku usimhesabu kama mtu wa sigara 4.

---

Mhudumu_Urambo:

Asanteni sana. Hili la vipisi nalifanya.

Maswali mawili zaidi, maana najua yatakuja. Wapo wanaobana moshi kifuani kwa sekunde kadhaa kabla ya kuutoa, wanasema ndiyo "inakolea". Na wapo watakaoniuliza moja kwa moja: basi tufundishe namna ya kuvuta isiyo na madhara, tuache kipisi kirefu, tusizibe matundu, tusimeze moshi. Niwajibu nini?

---

Mfamasia_Cheyo:

Kuhusu kubana moshi: hawapati wanachokitafuta. Nikotini karibu yote inafyonzwa mara tu moshi unapofika chini mapafuni, kwa hiyo kubana kwa sekunde 5 au 10 hakuiongezi kwa maana. Kinachoongezeka ni kaboni monoksaidi inayoingia kwenye damu, kwa sababu hiyo hewa inahitaji muda kupenya, na chembe za lami zinapata nafasi ya kutua kwenye njia ndogo za hewa. Waambie hivyo hivyo: unalipia sumu, nikotini hukuongezewa.

Hili la pili naomba uwe imara, ndugu yangu, usilegee hata wakikubembeleza. Usiwafundishe kuvuta "vizuri". Maelezo ya matundu na vipisi ni ya kuwaonyesha kwa nini mbinu zao hazifanyi kazi, si ya kuwapa mbinu mpya. Ukimwambia mtu aache kipisi kirefu na asizibe matundu, mwili wake utadai nikotini iliyopungua na ataifidia mahali pengine: mivuto mikubwa zaidi, au sigara moja ya ziada. Watu walivuta sigara nyepesi kwa miongo kadhaa wakiamini wamejiokoa. Saratani ya mapafu haikupungua kwao. Aina inayoota pembeni mwa mapafu, kwenye njia ndogo za hewa, iliongezeka, na wataalamu wanaihusisha na mabadiliko ya sigara zenyewe, yakiwemo matundu ya filta yanayomfanya mtu avute kwa nguvu na kwa kina.

Kupunguza idadi nako kunadanganya kwa njia hiyo hiyo. Anayeshuka kutoka 20 hadi 10 bila msaada wowote hapunguzi sumu kwa nusu, kwa sababu kila moja anaivuta kwa bidii zaidi. Na kwa moyo hesabu ni mbaya kuliko watu wanavyodhani: sigara 1 tu kwa siku inabeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Mishipa haihitaji moshi mwingi ili iharibike. Rudia sentensi hiyo mara mbili mkutanoni.

Kupunguza kunakosaidia ni kule ambako nikotini inatoka mahali pengine, na ambako kuna tarehe ya kufika sifuri. Plasta ya nikotini ya miligramu 21 kwa saa 24 ni ya kuanzia kwa anayevuta zaidi ya sigara 10, miligramu 14 kwa wa 10 au chini. Lakini kumbukeni alichosema Nesi: huyo wa sigara 6 mwenye kipimo cha 22 usimpangie kwa idadi, mtazame kwa dakika za asubuhi na kwa kipimo. Gamu ya kutafuna ipo ya miligramu 2 na ya 4. Anayevuta ndani ya dakika 30 za kuamka anaanzia 4. Wengi wanaikosea kwa kuitafuna kama ubani, nikotini inamezwa na mate, wanapata kwikwi na kichefuchefu, wanaitupa wakisema haifanyi kazi. Inatafunwa polepole hadi ichachatike mdomoni, inabanwa kati ya shavu na ufizi hadi mchachatiko uishe, inatafunwa tena, kwa nusu saa. Asinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla na wakati anaitumia, maana uchachu unazuia nikotini kupenya mdomoni. Ni kanuni ile ile aliyoieleza Bani la Sikonge. Plasta kwa mchana kutwa na gamu kwa arosto ya ghafla hufanya kazi pamoja vizuri kuliko kimoja peke yake. Dawa hizi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Mwambie kila mmoja aulize duka la dawa na hospitali ya wilaya kabla ya kupanga tarehe ya kuacha. Mjamzito, na aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, amwone daktari kwanza.

Jambo dogo linalowaangusha wengi wiki ya kwanza: moshi wa sigara unalifanya ini liondoe kafeini haraka. Akiacha kuvuta, kikombe kile kile cha kahawa au chai ya rangi kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Anapata mapigo ya moyo, halali, mikono inatetemeka, anadhani ni arosto, anarudi kwenye sigara. Apunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza.

---

Maabara_Isevya:

Nirudi kwenye kipimo, kwa sababu 22 na 14 zinaweza kuwa na mambo mengine ndani yake, hasa msimu wa kukausha.

Utaratibu kwanza. Mvutaji avute pumzi ndefu, aibane sekunde 15, kisha apulize polepole hadi mapafu yaishe hewa. Akipuliza kwa kasi na kukatisha, namba inashuka. Andika saa ya kupima na muda tangu sigara ya mwisho. Kaboni monoksaidi inapungua kwenye damu kwa nusu kila saa 4 hadi 5 mtu akiwa ametulia, kwa hiyo mvutaji mzito aliyepimwa saa 1 asubuhi anaweza kuonekana mwepesi. Pima wote alasiri. Mikono iliyotoka kupakwa kitakasa mikono chenye spiriti isishike kipimo, mvuke wake unakichanganya. Wapo pia watu ambao tumbo lao haliyeyushi sukari ya maziwa. Wakinywa maziwa wanatoa haidrojeni kwenye pumzi, na vipimo vingi vinaisoma kama kaboni monoksaidi. Mdomo wa kupulizia ni wa mtu mmoja tu. Hatuwezi kucheza na kifua kikuu.

Kwa asiyevuta tarajia chini ya 6, wengine wanatumia mpaka wa 10. Lakini mkulima anayelinda moto wa bani usiku kucha, au mama anayepikia kuni kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha, anaweza kupita hapo bila kugusa sigara. Kwa hiyo uliza: umekuwa kwenye moto tangu lini? Ukaushaji wa bani moja huchukua karibu wiki, na mtu wa moto anaamka kuongeza kuni kila baada ya muda. Akiwa anavuta pia, hewa hiyo hiyo inaingia kwa milango miwili, na kila sehemu ya damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi haibebi oksijeni. Inaishikilia damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huyo ndiye ataumwa kichwa na kifua kubana alfajiri, atasema ni uchovu.

Kama kuna atakayeshauri mpime kotinini (mabaki ya nikotini mwilini) kwenye mkojo au mate badala ya pumzi, kuweni waangalifu wakati wa kuchuma. Jani bichi likiwa na umande au mvua linaachia nikotini inayopita kwenye ngozi, ndiyo inayowaletea wachumaji kizunguzungu na kutapika. Nikotini hiyo inageuka kotinini vilevile, na kotinini inakaa: inapungua kwa nusu kwa saa 16 hivi. Mchumaji asiyevuta kabisa anaweza kuonekana mvutaji. Kwa wakulima wetu, miezi ya mavuno tumia pumzi, na wapime wakiwa wametoka shambani, si walioketi motoni.

---

Nesi wa Kaliua:

Naongeza la familia, kwa kifupi. Moshi unaotoka kwenye ncha sigara ikijiwakia yenyewe haupiti kwenye filta wala kwenye tumbaku, na kwa kila gramu ya tumbaku iliyoungua unabeba kaboni monoksaidi na nitrosamini nyingi kuliko ule anaouvuta mwenyewe. Anayewasha sigara akaishika mkononi huku akipiga stori chumbani anawapa watoto sehemu kubwa. Dirisha halitoshi, na kusimama mlangoni moshi unarudi ndani na upepo. Avutie mbali na nyumba.

---

Mhudumu_Urambo:

Nimeelewa, na nawashukuru wote. Nitapanga vipisi kwanza, kisha matundu ya filta juani, kisha kila mtu apulize na aandikiwe saa na kama ametoka kwenye moto. Mkutano ni saa 9 alasiri, kwa hiyo muda wa kupima unafaa.

Dada Nesi, kwa walio na misokoto, ambao hawana filta ya kutazama, niwaombe walete nini?

---

Nesi wa Kaliua:

Walete vipisi vyao hivyo hivyo, na karatasi wanayosokotea. Pima urefu wa kilichobaki, kisha tazama vidole: cha shahada na cha kati, upande wa ndani karibu na kucha. Rangi ya kahawia hapo ni lami, ile ile inayokwenda chini. Halafu msokotee mmoja mbele yao kwa karatasi ya daftari bila kuuwasha, mpe avute hewa tu, ndipo avute hewa kwenye sigara mpya ya dukani. Atasikia mwenyewe kwenye mashavu ni upi unaomlazimisha kuvuta kwa nguvu.